Elimu ilipanda, maambukizi hayakushuka: uchambuzi wa kisa cha MEMA kwa Vijana, Mwanza

Mradi wa kuzuia VVU unaweza kuandaliwa vizuri, ukapendwa na walimu, ukapokelewa wilayani kwa mikono miwili, na bado usipunguze maambukizi. Ndivyo ilivyokuwa katika wilaya nne za Mkoa wa Mwanza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Tunalijua hilo kwa sababu waliouendesha waliamua mapema kwamba hawatajipima kwa majibu ya dodoso peke yake, bali watapima na damu.

Utafiti wenyewe unajulikana na matokeo yake yamechapishwa, kwa hiyo jina la mradi na wilaya nimeyaacha kama yalivyo. Majina ya vijiji, shule, zahanati na watu hayamo, na mambo ya mtu mmoja mmoja nimeyaeleza kwa jumla. Ninawaandikia zaidi maofisa wa halmashauri na wa asasi wanaopewa kazi ya kubuni au kutathmini miradi ya vijana, ambao mara nyingi hukabidhiwa mwongozo uliokamilika bila kuelezwa ulikopitia.

Mwanza kabla ya mradi

Mwanza ilikuwa na historia ya utafiti. Kati ya 1991 na 1994, shirika la afya la AMREF, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na London School of Hygiene and Tropical Medicine zilifanya huko jaribio ambalo wanafunzi wa afya ya jamii wanalisoma mpaka leo. Jamii 12 zilipangwa jozi sita. Katika kila jozi, jamii moja iliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya vilevile vilivyokuwepo. Wahudumu walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zikahakikishwa hazikatiki, wasimamizi wakawa wanapita mara kwa mara, na wanakijiji wakahimizwa kuja mapema. Jamii ya pili katika jozi iliendelea na huduma za kawaida kwa kipindi hicho.

Baada ya miaka miwili, walioambukizwa VVU walikuwa asilimia 1.2 upande wa huduma iliyoboreshwa na asilimia 1.9 upande wa pili. Ukisawazisha tofauti nyingine za jamii hizo, ni pungufu la takriban asilimia 40. Jambo la kutafakari ni kwamba tabia za ngono, kwa jinsi watu walivyozieleza, hazikuwa zimebadilika. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mtu hakukaa tena muda mrefu na kidonda au usaha bila tiba, na njia ya virusi ikawa nyembamba zaidi.

Halafu Uganda ikaleta jibu tofauti. Katika Wilaya ya Rakai watu wazima walipewa dawa za magonjwa ya zinaa kwa pamoja kila baada ya miezi kumi, wenye dalili na wasio nazo. Matokeo yalipotoka 1999, maambukizi ya VVU hayakuwa yamepungua. Jaribio la Masaka, pia nchini Uganda, nalo baadaye halikuonyesha pungufu. Sababu mojawapo iliyopewa uzito ni hatua ya janga lenyewe. Mwanza kiwango cha VVU mwanzoni mwa jaribio kilikuwa asilimia 4 hivi, Rakai kilikuwa kama asilimia 16. Pale ambapo virusi vimeshatapakaa kiasi hicho, kutibu kisonono na kaswende hakuna tena nguvu ileile ya kuvizuia. Kwa hiyo hata matokeo mazuri ya Mwanza yalikuwa na mahali pake na wakati wake, na timu iliyoingia katika kazi ya vijana ilikuwa inalijua hilo vizuri.

Mradi ulivyopangwa

MEMA kwa Vijana ulianza 1998 katika wilaya za Sengerema, Geita, Kwimba na Misungwi, zote wakati huo zikiwa ndani ya Mkoa wa Mwanza. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijafika katika zahanati za vijijini, kwa hiyo kumwepusha kijana na maambukizi ndiyo tiba pekee iliyokuwepo.

Jamii 20 ziligawanywa kwa bahati nasibu, 10 za mradi na 10 za kulinganisha, baada ya kupangwa kwanza kwa makundi matatu ya hatari ili upande mmoja usijikute una vijiji vyote vya barabarani na mwingine vya porini. Waliandikishwa vijana 9,645 wa kuanzia miaka 14 waliokuwa darasa la nne hadi la sita. Asiyeijua Tanzania ya miaka hiyo atashangaa kuona kijana wa miaka 15 darasa la nne. Watoto wengi wa vijijini walianza shule wakiwa wamechelewa, na ndiyo maana shule ya msingi ilikuwa mahali sahihi pa kuwapata kabla hawajatawanyika.

Kazi yenyewe ilikuwa na sehemu nne. Ya kwanza ilikuwa masomo ya afya ya uzazi na ujinsia kwa darasa la tano hadi la saba, yakifundishwa na mwalimu na kusaidiwa na waelimishaji rika walioigiza michezo mifupi darasani. Ya pili ilikuwa mafunzo kwa wahudumu wa zahanati ili wampokee kijana bila kumgombeza wala kutangaza siri yake. Ya tatu iliwahusu vijana walio nje ya shule, waliofundishwa kuuza kondomu kwa wenzao kwa bei nafuu. Ya nne ilikuwa shughuli za kijamii: mikutano, maonyesho ya video, wiki za afya ya vijana.

Kwa nini walimu wa serikali na si wataalamu wa kuletwa? Kwa sababu mradi ulibuniwa tangu siku ya kwanza uweze kubebwa na halmashauri baadaye. Uamuzi huu ulikuwa wa busara na ulikuwa na gharama. Kufanya kazi ndani ya shule za serikali kulimaanisha kukubali mipaka ya serikali, na kondomu hazikuruhusiwa kuonyeshwa darasani. Mwanafunzi aliweza kusikia kwamba kondomu ipo, lakini asifundishwe kuitumia mbele ya macho yake. Wapo wanaoulaumu mradi kwa hilo. Mimi naona waliopanga walichagua kati ya kufika katika shule nyingi kwa ujumbe uliopunguzwa na kubaki nje ya mlango na ujumbe kamili, na kwa mazingira ya 1998 sioni kama kulikuwa na njia ya tatu.

Uamuzi wa kupima damu

Hapa ndipo penye uzito wa kisa hiki.

Tathmini za elimu ya UKIMWI kwa vijana, wakati huo na hata sasa, huishia kwenye maswali. Unajua VVU vinaambukizwaje? Umewahi kufanya ngono? Mara ya mwisho mlitumia kondomu? Ni rahisi na ni nafuu. Timu ya Mwanza iliuliza maswali hayo, lakini ikaongeza vipimo vya maabara: VVU, magonjwa mengine ya zinaa, ujauzito, na kingamwili za HSV-2, virusi vinavyosababisha malengelenge sehemu za siri. Kipimo hiki cha mwisho kilikuwa na faida kubwa. HSV-2 ni ya kawaida kuliko VVU na alama yake katika damu haifutiki, kwa hiyo inaonyesha hata kwa kundi la vijana wadogo kama hatari yao ya ngono imepungua kweli.

Damu ilionyesha pia kiasi gani cha majibu ya dodoso kinaweza kuaminiwa. Watafiti waliwachukua vijana ambao vipimo vilithibitisha kwamba wameshafanya ngono, wakaangalia walichojibu katika madodoso mawili. Wavulana waliokiri mara zote mbili walikuwa asilimia 58. Wasichana, asilimia 29. Maana yake, katika kila wasichana 10 ambao mwili ulikuwa na ushahidi, saba hivi walikana angalau mara moja.

Hao si waongo. Msichana wa shule ya msingi aliyegundulika ana uhusiano alikuwa hatarini kufukuzwa shule, kuchapwa nyumbani na kusemwa kijiji kizima. Alijibu kama mtu yeyote mwenye akili timamu angejibu mbele ya mgeni mwenye karatasi. Tatizo ni la mpangaji anayeyachukua majibu hayo na kuyafanya msingi wa ripoti.

Watafiti waliohamia vijijini

Sambamba na jaribio, kati ya 1999 na 2002, vijana watafiti waliokifahamu Kisukuma waliishi kwa vipindi katika vijiji tisa. Walikaa na familia, wakaenda shambani, gulioni, kuchota maji, kwenye ngoma. Hawakuwa na dodoso mkononi.

Walichokiona hakikuwa kwenye mtaala. Uhusiano wa kimapenzi ulifichwa sana, na usiri huohuo ulimruhusu mtu kuwa na wapenzi zaidi ya mmoja bila wao kujuana. Zawadi au pesa kidogo ilikuwa sehemu ya kawaida ya uhusiano: sabuni, mafuta ya kujipaka, chakula cha mapumziko. Wala wasichana hawakuiona kama kujiuza. Kutopewa chochote ndiko kulikoonekana kudharauliwa. Mwenye uwezo wa kutoa, mara nyingi, alikuwa mkubwa kuliko kijana wa darasani. Wazazi waliosisitiza heshima na usafi wa binti walikuwa hawana cha kumpa kwa mahitaji yake madogo, na wengine hawakuuliza sabuni imetoka wapi.

Kulikuwa pia na shule yenyewe. Viboko vilikuwa kila siku, na mwanafunzi aliyezoea kuitikia kwa pamoja yale mwalimu aliyosema alitakiwa sasa, katika kipindi cha dakika 40, ajadili kwa uhuru mambo ya mwili wake na mwalimu yuleyule. Walikuwepo walimu waliolifanya somo hili vizuri mno, na wanafunzi waliwakumbuka miaka baadaye. Walikuwepo pia walimu waliokuwa na uhusiano na wanafunzi. Jambo hilo halikuwa geni Mwanza: mradi mwingine uliofanya kazi mkoani humo miaka ya 1990 ulikuwa tayari umeanzisha utaratibu wa walezi, walimu wa kike waliochaguliwa mahususi ili wasichana wawe na mtu wa kumwendea wanaposumbuliwa na wanaume, wakiwemo walimu. Kama utaratibu ule ungeunganishwa na somo darasani, nadhani tungekuwa na kisa tofauti cha kuchambua.

Matokeo

Upimaji wa mwisho wa jaribio ulifanyika 2001 na 2002. Karibu robo tatu ya walioandikishwa walipatikana, na hiyo ni kazi kubwa kwa vijana wanaomaliza shule na kuhama.

Elimu ilikuwa imepanda waziwazi kwa wavulana na wasichana. Mitazamo ilikuwa bora. Wavulana wa upande wa mradi waliripoti wapenzi wachache zaidi, na waliosema wameanza kutumia kondomu waliongezeka kwa jinsia zote mbili. Kama tathmini ingeishia kwenye dodoso, leo tungekuwa tunausifu mradi huu kama mfano wa mafanikio.

Uwiano wa maambukizi mapya ya VVU kwa wasichana, kati ya jamii za mradi na za kulinganisha, ulikuwa 0.75. Mwenye haraka atasoma hapo pungufu la asilimia 25. Lakini mipaka ya uhakika ya namba hiyo ilianzia 0.34 na kuishia 1.66, kwa kuwa vijana walioambukizwa ndani ya kipindi kile walikuwa wachache. Kwa lugha nyepesi, takwimu hizohizo zingeweza kutoka mahali ambapo mradi umepunguza maambukizi kwa theluthi mbili, au mahali ambapo yamezidi kwa theluthi mbili. Namba kama hiyo haiungi mkono upande wowote. Ndipo HSV-2 ilipoleta faida yake: ilikuwa imeenea vya kutosha kutoa jibu, na jibu lilikuwa uwiano wa 0.92 kwa wavulana na 1.05 kwa wasichana. Hakuna tofauti ya maana. Mimba nazo hazikupungua.

Kupanua, kisha kupima tena

Mwaka 2004, huku matokeo hayo yakijulikana, kazi ilipanuliwa kupitia halmashauri hadi shule na zahanati za wilaya zote nne, takriban mara kumi ya ukubwa wa awali. Wengi huuliza: kwa nini upanue kitu ambacho hakikupunguza maambukizi? Hoja za walioamua zinastahili kusikilizwa. Elimu yenyewe ni haki ya mtoto. Miaka mitatu ni michache kwa vijana ambao wengi walikuwa ndiyo kwanza wanaanza maisha ya ngono. Na hakukuwa na mbadala uliothibitishwa. Udhaifu niuonao ni kwamba kilichopanuliwa kwa nguvu ni sehemu ya darasani, wakati taarifa za watafiti wa vijijini zilikuwa zinaelekeza nje ya darasa. Uhamisho wa walimu nao uliendelea kula mafunzo; aliyefundishwa leo, mwakani yuko wilaya nyingine.

Swali la muda lilipata jibu 2007 na 2008. Walipimwa vijana 13,814 wa miaka 15 hadi 30 waliosoma katika shule za jaribio. Elimu ilikuwa bado ipo, miaka mingi baada ya kutoka shule. Pungufu la VVU au HSV-2 halikuwepo. Wavulana waliokuwa na VVU walikuwa asilimia 1.8, wasichana asilimia 4.0, kwa HSV-2, asilimia 25.9 na 41.4.

Ni nini kilifaa, ni nini kilishindikana

Tazama tena namba hizo za mwisho. Wasichana na wavulana hawa walikaa madarasa yaleyale, wakamsikiliza mwalimu yuleyule, wakatazama mchezo uleule wa waelimishaji rika. Wasichana wakawa na VVU zaidi ya mara mbili ya wavulana. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kimaumbile, kwa kuwa mwanamke huambukizwa kwa urahisi zaidi. Iliyobaki inaashiria kwamba wengi wa wasichana hawakuwa wanaambukizwa na wanafunzi wenzao. Waliambukizwa na wanaume ambao hawakuwahi kukaa kwenye somo hata moja: wavuvi wenye pesa ya mauzo, wafanyabiashara, wachimbaji. Mradi ulimfundisha mwenye uwezo mdogo wa kukataa na kumwacha bila somo mwenye uwezo wa kutoa. Huu, kwa maoni yangu, ndio upungufu mkubwa kuliko suala la kondomu au idadi ya vipindi. Kampeni za redioni dhidi ya mafataki, yaani wanaume wakubwa wanaowarubuni wasichana, zilikuja baadaye, na zililenga upande ule uliokuwa umeachwa.

Wauza kondomu vijana nao hawakufanikiwa. Kununua kondomu kwa jirani yako kijijini ni kutangaza unachokwenda kufanya, na hilo lilikinzana na usiri ambao uhusiano wote ulijengwa juu yake. Zahanati zilifanya vizuri zaidi kwa wavulana wenye dalili kuliko kwa wasichana, kwa sababu zilezile za nani atakuona unaingia.

Utafiti ndio uliofanya kazi, na sisemi hivyo kwa kuutafutia mradi faraja. Vipimo vya damu vilizuia nchi nzima kujidanganya. Kundi la kulinganisha lilionyesha kwamba vijana wa pande zote mbili walikuwa wanaambukizwa kwa kasi ileile. Na watafiti waliokaa vijijini walieleza kwa nini, jambo ambalo hakuna maabara ingeweza kulifanya. Kilichokosekana ni ratiba. Taarifa zao zilikusanywa mradi ukiwa tayari unatembea, mtaala umeshachapwa, walimu wameshafundishwa. Zilifaa kueleza matokeo, zilichelewa kuyabadilisha.

Pengo lilelile, kwa vidonge

Anayedhani haya ni ya shule za msingi za zamani aangalie FEM-PrEP, jaribio la vidonge vya kumezwa kila siku na asiye na VVU ili asiambukizwe, lililoandikisha wanawake 2,120 nchini Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, vituo vikiwemo Bondo na Arusha. Lilisimamishwa Aprili 2011 baada ya kuonekana kwamba waliopewa dawa na waliopewa vidonge visivyo na dawa wanaambukizwa karibu sawa. Asilimia 95 ya wanawake walisema humeza vidonge kawaida. Dawa ilionekana katika damu ya chini ya asilimia 40 yao.

Jaribio la VOICE, lililofanyika Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, lilikutana na jambo hilohilo, na watafiti wake wakachukua hatua ambayo naipenda. Waliwarudia baadhi ya wanawake, wakawaonyesha majibu ya damu yao wenyewe, kisha wakawasikiliza. Mazungumzo yakabadilika. Wanawake walieleza hofu ya kuonekana wana VVU kwa sababu ya chupa ya vidonge, wanaume waliokataza, minong'ono ya majirani. Ni usiri uleule wa vijijini Mwanza, safari hii ukizunguka kopo la dawa.

Hayo yalisaidia kusukuma kazi kuelekea kinga ambazo hazihitaji kuwekwa juu ya kabati kila siku. Katika jaribio la sindano ya lenacapavir, inayochomwa kila miezi sita, wasichana na wanawake vijana 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda walipewa sindano hiyo, na matokeo yaliyotangazwa 2024 yalionyesha kwamba hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Sindano hiyo ikifika Sengerema au Geita, msichana atahitaji nauli ya kwenda kituoni, sababu ya kumwambia mama, na mhudumu asiyemjua shangazi yake. Bajeti ya mtu wa kukaa kijijini miezi kadhaa na kuyachunguza hayo iwekwe mwaka wa kwanza, kabla ya mwongozo kuchapwa, na mtu huyo apewe mamlaka ya kuubadilisha.